Pikipiki ya Bwana Shamba iliyogoma kupanda Magamba

Ilifika kwangu ikisukumwa. Injini ilikuwa inawaka, ila mwenyewe alishakata tamaa nayo, akaona heri atoe jasho kuliko kuaibika tena katikati ya kilima huku malori ya kabichi yanampigia honi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imekufa?"

"Haijafa, mzee, ila inakufa kila mlima. Fundi wa kule chini ameshatoa hukumu: ringi zimekwisha, silinda ichongwe, iwekwe pistoni ya oversaizi. Laki na themanini. Nikasema kabla sijaitoa hiyo hela, ngoja uitazame na wewe."

Mwenye pikipiki ni afisa ugani, bwana shamba kama tunavyowaita, kijana wa miaka thelathini na kidogo. Kazi yake ni kuzunguka vijiji vya juu ya Lushoto, kuanzia Magamba kuelekea Lukozi, huko ambako viazi na kabichi ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Jumamosi akipata nafasi huenda mpaka Mtae, pale milima ya Usambara inapokatika ghafla ukabaki unaitazama tambarare ya Mkomazi chini ya miguu yako. Safari hizo za Jumamosi ndizo zilizomtia wazimu wa kuipamba pikipiki, na humo ndimo kisa chote kilimo.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha XTZ 125, aliyoipata kwenye mnada wa mradi uliofunga shughuli zake. Kwa asiyeijua: silinda moja, cc 124, injini ya kupozwa na upepo, kabureta, gia tano, gurudumu la mbele la inchi 21 na la nyuma la inchi 18, yote ya spoku. Imenyanyuka juu, madigadi ya mbele yamekaa mbali na tairi ili tope lipite. Hata herufi zake zina ukoo: XT 500 ndiyo iliyoshinda mbio za kwanza za Paris–Dakar, zilizomalizika Januari 1979, akiiendesha Mfaransa Cyril Neveu. Lakini ukoo haupandi mlima. Hii ya 125 haifikishi nguvu ya farasi 13, na namba hiyo naomba msomaji aishike, tutaihitaji mbele.

Malalamiko yalikuwa manne. Haina nguvu mlimani, hasa kipande cha kutoka Lushoto mjini kwenda Magamba. Inatoa moshi. Betri imebadilishwa mara mbili ndani ya miezi saba na bado swichi haiwashi, anategemea kiki. Na spoku za nyuma zinakatika. Nne zimeshakatika, akazitoa na kuendelea na safari kama vile hazikuwa na kazi pale.

Fundi wa kwanza alishika malalamiko mawili ya mwanzo akaacha mawili ya mwisho. Simlaumu sana. Pikipiki isiyo na nguvu, inayotoa moshi, ukifungua plagi unakuta nyeusi: kwa bodaboda kumi zinazoletwa hivyo, nyingi kweli zitakuwa na ringi, zile pete za pistoni, zilizokwisha. Alipiga hesabu ya mazoea. Kasoro yake ni kwamba mazoea hayo ni ya pikipiki ambazo hazijaguswa, na hii ilikuwa imeguswa kila mahali.

Kabla sijashika spana nilimkalisha kwenye benchi nikamtaka anitajie kila alichokiongeza tangu siku ya mnada, kimoja baada ya kingine, na mwezi aliokiweka. Alianza kwa aibu, akaishia kwa fahari. Tairi la nyuma kubwa lenye meno makubwa. Sproketi ya mbele, ile sahani ya meno inayoendesha cheni, yenye meno 15 badala ya 14, kwa sababu kwenye lami ya Mombo kwenda Korogwe injini ilikuwa inalia mno. Keria ya chuma na masanduku mawili ya bati nene ya pembeni, yaliyochomelewa na fundi wa madirisha. Taa mbili za spoti. Soketi ya kuchajia simu. Kinga za mikono. Bamba la chuma chini ya injini.

"Na ilianza lini kukosa nguvu?"

Akafikiri. "Mwezi wa sita, mzee."

"Na masanduku?"

"Mwezi wa tano mwishoni."

Tukatazamana.

Kwanza kuondoa shaka ya injini

Ningeweza kuanza na masanduku, lakini mtu ameshaambiwa injini imekufa. Asipoiona kwa macho yake kuwa nzima, kila ukimrekebishia kingine atakuwa anasikiliza ringi usiku kucha. Kwa hiyo tulianza na kompresheni, yaani nguvu ya silinda ya kubana hewa. Ukitoa plagi, unafunga geji kwenye tundu lake, unafungua moto, yaani mkono wa mafuta, mpaka mwisho, unapiga kiki kwa nguvu mara saba nane mpaka mshale uache kupanda.

Ulisimama kwenye psi 150, hicho ndicho kipimo cha mgandamizo.

Fundi wa Tanga akiiona namba hiyo anaweza kusema imeanza kuchoka. Ila Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Injini inabana hewa iliyoikuta. Mia na hamsini ya hapa ni kama 175 ya Tanga, na hiyo ni silinda yenye afya. Nikamimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, tukapiga kiki tena: 155. Ringi zikiwa zimekwisha kweli, oili huziba mwanya kwa muda na mshale huruka psi 20, 30. Huu ulisogea tano tu. Hapo nikamwambia airudishe laki na themanini yake mfukoni.

Moshi je? Tukaiwasha, nikashika kitambaa cheupe mbele ya ekzosi. Moshi wa oili ni wa bluu na una harufu ya kuungua kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Huu ulikuwa mweusi, mkavu, unanuka petroli, na kitambaa kikabaki na masizi ambayo kidole kinayafuta. Petroli inaingia nyingi kuliko hewa, basi. Na petroli ikizidi, mtu wa kwanza wa kuhojiwa ni chujio la hewa.

Chujio la hii injini ni sponji. Nilipofungua kifuniko cha pembeni sponji ilitoka ikidondosha. Kuna mtu aliiosha kwa petroli, akaichovya kwenye oili chafu iliyomwagwa toka injini, na akairudisha bila kuikamua. Juu ya oili hiyo likaja vumbi jekundu la kiangazi cha Lukozi, likashikana nayo likawa kama udongo wa mfinyanzi. Injini ilikuwa inavuta pumzi kupitia kitambaa kilicholoa.

Ongeza na mlima wenyewe. Kabureta haijui kuwa iko mlimani. Hewa inakuwa nyepesi kadiri unavyopanda, lakini tundu la petroli ni lilelile, kwa hiyo mchanganyiko unazidi kuwa mzito wa petroli. Injini ya aina hii hupoteza takriban moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ikifika Magamba, zile farasi zake ambazo hazikufika 13 zimebaki kumi na kitu, na hapo pikipiki haina kosa lolote. Ndivyo fizikia ilivyo.

Asubuhi yake, injini ikiwa imelala baridi usiku kucha, nikapima valvu. Injini hii inataka mwanya wa milimita 0.08 hadi 0.12 kwa valvu ya kuingiza na 0.10 hadi 0.14 kwa ya kutolea. Ya kuingiza ilikuwa sawa. Ya kutolea, fila, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, ya 0.10 ilikataa kupita, ya 0.08 ikakataa, ya 0.06 ikapita kwa kusuguana. Wengi hungoja valvu igonge ndipo waihangaikie. Inayogonga inakupigia kelele ya bure. Ile iliyokaza ndiyo inayoungua kimyakimya, kwa sababu haifungi sawasawa na moto unapita pembeni yake. Tuliirudisha 0.12. Sponji tukaiosha kwa mafuta ya taa, kisha maji na sabuni, ikakauka kivulini, ikapakwa oili mpya kiasi na kukamuliwa ndani ya mfuko mpaka ikaacha kudondosha.

Nguzo za umeme

Sasa kupima. Sipendi neno "imekuwa nzuri kidogo", kwa sababu mtu akishalipa, kila kitu huwa kizuri kidogo. Kwenye barabara ya kwenda Magamba kuna kipande kirefu cha kupanda chenye nguzo za umeme pembeni. Tangu siku ilipoletwa tulikubaliana hivi: unafika kwenye nguzo ya kwanza ukiwa gia ya tatu, spidi 40, moto unafunguliwa wote, unahesabu nguzo mpaka injini iombe gia ya pili. Mzigo uleule, mtu yuleyule.

Siku ilipoletwa, kabla sijagusa chochote, ilifika nguzo ya 6. Baada ya sponji na valvu, nguzo ya 9. Moshi mweusi ukakatika, plagi ikaanza kugeuka kahawia. Bwana Shamba alifurahi, akataka kuondoka nayo. Mimi nilikuwa sijaridhika, kwa sababu XTZ iliyo sawa, na mtu mmoja mgongoni, haipaswi kuomba gia ya pili pale kabisa. Pikipiki za namna hii nimeziendesha miaka, nikipeleka chanjo na makaratasi vijijini, na kilima hicho nakijua.

Tukaenda kwenye tairi. Hili ndilo jambo ambalo nilitaka alione mwenyewe, maana kwa maneno halieleweki. Nilimwambia akae juu ya pikipiki, nikachora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi la nyuma, pale linapogusa sakafu, na mwingine sakafuni. Nikaisukuma taratibu mpaka mstari ukarudi chini, nikachora tena. Kijana wangu akashika futi. Sentimita 207. Halafu nikatoa stoo gurudumu la XTZ nyingine lenye tairi la saizi ya kiwandani, 110/80-18, tukalifunga, tukarudia: sentimita 195.

"Sentimita kumi na mbili tu," akasema.

Kumi na mbili juu ya 195 ni asilimia 6. Kila injini inapozungusha gurudumu mara moja, inalazimika kuisogeza pikipiki mbele asilimia 6 zaidi, na nguvu ya kusukuma inapungua kwa kiasi hicho. Halafu ile sproketi ya mbele: kutoka meno 14 kwenda 15 ni asilimia 7. Viwili hivyo havijumlishwi, vinazidishana, unapata karibu asilimia 14. Kwenye injini hii, pengo la gia ya tatu na ya nne ni kama asilimia 25. Maana yake Bwana Shamba alikuwa amezipandisha gia zake zote nusu gia. Akiingiza ya tatu, injini inahisi tatu na nusu. Na gia ya kwanza, ambayo ndiyo kimbilio la mwisho kwenye tope la masika, ilikuwa haipo tena pale ilipokuwa. Ndiyo maana klachi yake ilikuwa na harufu. Mshale wa spidi nao haukumwambia lolote, kwa sababu kebo yake inatoka gurudumu la mbele, na la mbele halikuguswa.

Uamuzi wa sproketi ya 15 ulikuwa na akili kwa mtu anayeshinda kwenye lami. Alihesabu kilomita alizozifurahia, za Mombo kwenda Korogwe, akasahau zile anazoziendesha kila siku. Nilimuuliza mara ya mwisho kwenda Korogwe ilikuwa lini. Akacheka.

Tukarudisha tairi la saizi ya kiwandani, lakini lenye meno ya njia ya udongo, na sproketi ya 14. Nguzo ya 17, pale kwenye kona.

Mizani ya viazi

Yakabaki masanduku. Ningesema ni mazito, angenijibu ni magumu. Tukayafungua na keria yake tukayapeleka kwa jirani yangu anayenunua viazi, tukayaweka kwenye mizani yake. Kilo 23, matupu. Jirani akauliza tumeleta viazi vya aina gani.

Pikipiki yenyewe ina kilo mia na kitu. Kilo 23 ni kama kumbeba mtoto wa darasa la kwanza kila uendako, kabla hujaweka mbegu, pampu ya dawa, madaftari na ndizi ulizopewa kijijini. Na mtoto huyo hajakaa kwenye siti. Ananing'inia nyuma ya ekseli, akiivuta sehemu ya nyuma chini na kuinyanyua ya mbele. Bwana Shamba alikiri kwamba akiteremka kutoka Magamba usukani ulikuwa unacheza mikononi. Alidhani ni bearingi za usukani. Bearingi zilikuwa nzima. Gurudumu la mbele ndilo lilikosa uzito wa kulituliza.

Hapa ndipo spoku zinapoingia. Gurudumu la spoku halibebwi na spoku za chini kama miguu ya kiti. Linashikiliwa na mvutano wa zote kwa pamoja, kila moja ikivuta upande wake. Moja ikilegea, kila mzunguko inalegezwa na kukazwa, inalegezwa na kukazwa, mpaka chuma kichoke pale kwenye kona, kinapoingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Fanya hesabu: mzunguko mmoja ni kama mita mbili, kilomita moja ni mizunguko 500. Akienda kilomita 50 kwa siku, spoku iliyolegea imekunjwa mara 25,000, na kila shimo linaongeza kofi la kilo 23 zinazoning'inia. Nilichukua bisibisi nikaigonga moja moja kama mpiga marimba. Iliyokaza inalia ting, ndefu. Iliyolegea inasema dup. Nilipata dup saba, ukiacha zile nne ambazo hazikuwepo. Na chini ya siti, pale fremu ya nyuma ilipochomelewa, rangi ilikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Nilikwangua: ufa ulikuwa bado kwenye rangi na juujuu ya chuma. Miezi miwili zaidi na tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Wazo la masanduku amelipata wapi, tunajua sote. Ni zile picha za pikipiki kubwa za kuzunguka dunia, zenye maboksi ya alumini pembeni. Lakini BMW R 1250 GS ina injini ya cc 1,254 na nguvu ya farasi 136. Injini yake ni mara kumi ya hii, nguvu yake ni zaidi ya mara kumi. Sanduku la kilo kumi pale ni kama kofia. Kwenye 125 ni abiria asiyelipa nauli.

Niliweka spoku nne mpya na kubadilisha zile saba pia, maana spoku iliyokwisha kunjwa mara nyingi hivyo siiamini hata ikikazwa. Kisha kazi ya kunyoosha rimu, ambayo haina njia ya mkato: unakaza robo mzunguko hapa, unalegeza robo upande wa pili, unazungusha, unatazama mwanya kati ya rimu na ncha ya bisibisi iliyofungwa kwenye fremu. Ilinichukua mchana mzima na redio. Baada ya kilomita kama mia hukazwa tena, kwa kuwa mpya hujinyoosha; nilimwandikia tarehe kwenye tangi kwa kalamu ya wino.

Masanduku tukayaacha kwangu, tukapanda kilima tena. Hakuhesabu nguzo. Alivuka kona, akapotea juu na gia yake ya tatu, nikasikia mlio ukienda moja kwa moja mpaka ukafifia msituni.

Taa

Hili la umeme nilidhani litakuwa jepesi, na kidogo linipotoshe. Taa za spoti zilikuwa zimeandikwa wati 40 kila moja kwenye boksi. Nikapiga hesabu kichwani, wati 80, karibu ampea saba, nikasema basi, hili ndilo jibu. Bahati nikapima. Zote mbili kwa pamoja zilikuwa zinakula ampea 3.1, chini ya nusu ya kilichoandikwa. Boksi lilikuwa linajisifu.

Lakini hata hizo 3.1 ni karibu wati 40, zaidi ya balbu ya taa kubwa, ambayo ni ya wati 35. Multimita kwenye betri, injini ikinguruma taratibu, taa za spoti zikiwaka: volti 11.9. Nikiongeza moto: 12.4. Nikizizima: 14.1. Betri inahitaji kuona volti 13 na zaidi ndipo ijazwe, kwa hiyo kila alipoziwasha, betri ilikuwa inatoa na hakuna inachorudishiwa. Na siku yake ya kazi ndiyo mbaya kuliko zote kwa betri: anawasha, anakwenda kilomita tatu, anazima, anaongea na mkulima nusu saa, anawasha tena. Juu ya hayo, nyaya zilikuwa zimeungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi wala rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), na soketi ya simu ilikuwa na taa ndogo ya bluu inayowaka usiku na mchana pikipiki ikiwa imezimwa. Ile taa ya bluu peke yake isingeua betri haraka, lakini pikipiki ikikaa ndani wiki ya semina, inatosha.

Tulibakiza taa moja. Inapitia fyuzi na rilei, na inapata ruhusa kwenye ufunguo, kwa hiyo ukizima pikipiki nayo inazimika. Kwenye ukungu wa Julai inamtosha. Sasa multimita inasoma 13.2 injini ikiwa katika mwendo wa kawaida. Betri ya pili ilikuwa bado haijaharibika. Ilichajiwa nje usiku mmoja, na swichi inawasha.

Kilichobaki kwenye pikipiki

Sikutaka aondoke akidhani kila nyongeza ni dhambi. Kinga za mikono zimebaki, zina gramu mia chache na zimeshaokoa mkono wa klachi mara mbili alipolala nayo kwenye tope. Bamba la chini ya injini limebaki pia, ingawa tulitoboa tundu la kufikia bolti ya kumwagia oili, maana lilikuwa limeifunika, na kwa sababu ya uvivu wa kulifungua oili ilikuwa inamwagwa kila "nikikumbuka". Injini hii inachukua kama lita moja tu ya oili, na hiyo lita moja inahudumia pistoni, gia na klachi kwa pamoja.

Kwa mizigo alikwenda kwa fundi cherehani anayeshona maturubai ya malori, akashonewa mifuko miwili ya kukunja mdomo, yenye mikanda ya kupita chini ya siti. Inakaa mbele kidogo ya ekseli, karibu na miguu yake, na tulifunga kipande cha bati kuikinga na ekzosi. Kwenye mizani ya viazi: kilo mbili na nusu. Ikianguka haipindi, na mguu ukibaki chini yake haukatiki.

Cheni tuliirekebisha akiwa amekaa juu yake, kwa sababu alikuwa anaikaza pikipiki ikiwa tupu. Akipanda na mzigo shokapu inazama na cheni inakuwa kama waya wa kuanikia nguo. Kabureta sikuigusa. Kuna waliomshauri abadilishe tundu la petroli liwe dogo kwa ajili ya mlima, na kwa anayeishi Magamba tu ningekubali. Yeye hushuka Tanga kuripoti, na tundu dogo ukifika nalo usawa wa bahari linaichoma injini kwa njaa ya petroli. Plagi ikitoka kahawia hapa na kahawia kule, sioni sababu ya kutafuta ugomvi.

Gharama zote, baada ya kuliuza lile tairi kubwa kwa jamaa wa Soni mwenye pikipiki ya cc 250, hazikufika laki na thelathini, mifuko ikiwemo.

Wiki iliyopita alipita akitokea Lukozi, mifuko imejaa mbegu za karoti. Sili, ule mpira wa kuzuia oili, ya foki ya kushoto imeanza kutoa jasho, nikamwonyesha mstari wa oili kwenye bomba. Akauliza kama si nafasi nzuri ya kuweka foki za pikipiki kubwa, amemwona mtu anaziuza Korogwe. Nikamwambia alete sili mbili na nusu lita ya oili ya foki, Jumamosi, kabla ya chai. Masanduku yake bado yako kwangu. Kuku wa mke wangu amelalia mayai tisa kwenye lile la kulia.